Majibu Yarudi Kijijini: Waraka wa Wazi kwa Katibu Mkuu, TAMISEMI

Katibu Mkuu,
Ofisi ya Rais – Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: TAFITI ZA SHAHADA YA UZAMILI YA UTAWALA WA UMMA NA MANUFAA YAKE KWA WANANCHI

Ndugu Katibu Mkuu,



Mimi ni mtendaji wa kata mstaafu. Katika utumishi wangu niliwapokea wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili ya utawala wa umma waliofika vijijini kwetu na barua ya utambulisho mkononi. Niliwatafutia pa kulala, nikawaitia wajumbe wa halmashauri ya kijiji, nikagonga muhuri kwenye karatasi zao na kuwaombea safari njema walipoondoka. Naandika kuomba jambo moja: ofisi yako itoe waraka utakaoagiza kwamba kila utafiti wa shahada hizo unaofanyika ndani ya halmashauri zetu urudishwe kwa watu walioutolea majibu, kwa Kiswahili, katika vikao vyao halali. Nitaeleza kwa nini naliona jambo hili kuwa zito, kisha nipendekeze namna ya kulifanya bila kuitia halmashauri gharama isiyobebeka.

Nimekuandikia wewe kabla ya wakuu wa vyuo kwa sababu mlango wa kuingilia kijijini uko chini ya ofisi yako. Mwanafunzi hutoka na barua ya chuo, akaripoti kwa Katibu Tawala wa Mkoa, akashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, halafu kwa mtendaji wa kata na mwisho kwa mtendaji wa kijiji. Kila ngazi humwandikia barua ya kumpeleka ngazi inayofuata. Barua zote nilizopokea ziliagiza apewe ushirikiano. Sikumbuki hata moja iliyomtaka arudi kueleza alichokiona. Utaratibu wenyewe una historia ya waraka: mwaka 1980 Serikali ilimpa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mamlaka ya kuwapa wanafunzi na wahadhiri wake vibali vya kufanya utafiti, na vyuo vilivyokuja baadaye vikafuata mkondo huo. Kilichowekwa kwa waraka kinaweza kukamilishwa kwa waraka.

Elimu ya utawala wa umma ilianza nchini mwetu ikiwa na uhusiano wa moja kwa moja na serikali za mitaa. Mwaka 1953 wakoloni Waingereza walifungua shule pale Mzumbe, chini ya safu ya milima ya Uluguru, ili kuwafundisha machifu, makarani wa tawala za wenyeji na mahakimu. Lengo lao lilikuwa kupata watu wa kuusimamia utawala wa kikoloni kwa urahisi. Baada ya Uhuru uchifu ukafutwa mwaka 1963, lakini shule ikabaki, ikageuzwa kuwa ya kuwaandaa watumishi wa nchi huru. Mwaka 1972 iliunganishwa na Chuo cha Utawala kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa taasisi ambayo watumishi wa rika langu tuliizoea kwa jina la IDM. Mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe.

Mwaka huohuo wa 1972, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata. Mpango wa Madaraka Mikoani ulipeleka wataalamu wa Serikali Kuu mikoani na wilayani, wakapanga na kutekeleza, na mwananchi akapoteza baraza la kumwakilisha. Matokeo yake yalionekana haraka katika barabara, maji na usafi wa miji, hata halmashauri za miji zikaanza kurejeshwa mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982, Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji, zikarudisha mfumo mzima, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Nchi yetu ilijifunza kwa gharama kubwa kwamba utaalamu unaomzunguka mwananchi bila kumjibu haudumu. Somo hilo liliingizwa hata kwenye Katiba, ambayo katika Ibara ya 146 inasema wazi kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Nami nauliza: tafiti za utawala wa umma, zinazofanywa kuhusu madaraka hayohayo, zinawezaje kumpita mwananchi?

Kabla sijaeleza tatizo, nitoe ushuhuda wa faida, maana wapo wanaosema shahada hii ni ya kutafutia cheo tu, nami siwaungi mkono. Nilifanya kazi na ofisa mipango mmoja kabla hajaenda masomoni na baada ya kurudi. Kabla ya hapo, taarifa ya mapato na matumizi ilibandikwa ubaoni kama ilivyotoka kwenye mfumo: namba za vifungu, tarakimu ndefu, vifupisho. Sheria ilitimizwa, lakini hakuna aliyesimama kuisoma. Aliporudi alitengeneza karatasi moja yenye safu nne: kilichoahidiwa, kilichopokelewa, kilichotumika na kilichobaki. Kila mradi aliuandika kwa jina wanalolitumia wanakijiji: choo cha shule, kivuko cha mtoni, nyumba ya muuguzi.

Haikupita wiki, fundi mwashi mmoja alisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata mstari wa kivuko. Akauliza mbona saruji imeandikwa kwamba imetumika yote, ilhali yeye aliyejenga anajua kuna mifuko imebaki stoo ya shule. Swali lilipelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Stoo ikafunguliwa mbele ya wajumbe, mifuko ikahesabiwa, na ile iliyobaki ikaelekezwa kwenye choo cha shule kwa azimio la mkutano. Ofisa mipango yule alifundishwa chuoni kuhusu uwajibikaji, bajeti shirikishi na haki ya kupata taarifa, naye akayaweka yote katika karatasi moja. Mahudhurio ya mikutano yetu yaliongezeka baada ya hapo, kwa sababu watu waliona kwamba swali lao linaweza kufungua mlango wa stoo.

Ndiyo maana naithamini elimu hii. Mtumishi aliyeisoma vizuri hujua kusoma bajeti na kuitetea, huielewa sheria ya ununuzi, na huweza kuutofautisha uamuzi wa kitaalamu na uamuzi wa wawakilishi. Anapokaa mezani na diwani, anajua pa kusikiliza na pa kusimama imara. Halmashauri zetu ni 184, na chini yake kuna vijiji zaidi ya 12,000. Watu wenye ujuzi huo bado hawatoshi, na ningependa kuona wengi zaidi wakipewa ruhusa ya masomo.

Tatizo langu ni tasnifu, ile kazi ya utafiti inayokamilisha shahada.

Kabla ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, kuanzishwa mwaka 2019, kijiji kimoja cha kata yangu kilikuwa na kamati ya maji iliyoendesha pampu ya dizeli. Mtunza hazina alikuwa mama mmoja aliyeishia darasa la saba. Alikuwa na kaunta buku lenye jalada jekundu, amelichora safu kwa rula: tarehe, ndoo zilizouzwa, fedha zilizopatikana, lita za dizeli. Hakuacha siku hata moja wazi. Siku ambayo hakuna aliyechota, aliandika sifuri na kueleza sababu pembeni: mvua, msiba, pampu mbovu.

Kijana mmoja wa uzamili alikuja na dodoso lake, lakini alipoliona buku lile aliliweka dodoso kando. Akaketi naye barazani na kunakili. Mama akamweleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Wakati wa masika watu hukinga maji ya mapaa, mauzo yanashuka sana, lakini zahanati na shule bado zinahitaji pampu iwashwe. Kwa hiyo kamati inayotozwa na halmashauri mchango ulio sawa kila mwezi lazima ife masika, hata kama viongozi wake ni waaminifu kuliko wote. Njia yake ilikuwa kuweka akiba ya kiangazi na kuiomba halmashauri ikubali mchango wa kufuata msimu. Kijana alifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Kwa hakika ilikuwa dhahabu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule mgeni aliondoka na dawa, mwenyeji akabaki na ugonjwa. Misimu ya mvua ilipita, kamati ikazidi kuandikwa kwenye taarifa kuwa ni mdaiwa sugu, na waliopanga kiwango cha mchango hawakupata kujua kwamba maelezo ya deni lile yalikuwa yamekwisha kuandikwa, yakapewa alama, yakawekwa kwenye rafu ya maktaba. Siku moja baada ya mkutano yule mama aliniuliza, "Bwana mtendaji, yule kijana wetu alifaulu?" Sikuwa na la kumjibu. Hakuuliza kuhusu mchango wala pampu. Alimtakia mema mtoto wa mwenzake, na alistahili angalau kupewa jibu hilo.

Ndugu Katibu Mkuu, simlaumu kijana yule. Alifanya yote aliyotakiwa kufanya. Chuo kilimtaka tasnifu ya sura tano, kwa Kiingereza, ikitetewa mbele ya jopo. Alizitoa zote. Hakuna aliyemtaka kurasa nne za Kiswahili kwa ajili ya kamati ya maji. Nauli yake ilikuwa ya mfukoni, ada alikuwa akidaiwa, na mwajiri alikuwa akimsubiri. Mtu hufanya kile ambacho utaratibu unamdai, na utaratibu wetu unadai kwa ajili ya msomaji mmoja tu, yaani mtahini.

Hilo linaonekana hata katika uchaguzi wa mada. Nimezisoma tasnifu kadhaa zilizonifikia, na vichwa vyake vinafanana: sababu zinazoathiri jambo fulani, kisha uchunguzi kifani wa halmashauri fulani. Mada huchaguliwa chuoni, kutokana na vitabu, halafu halmashauri hutafutwa baadaye ili kujaza nafasi ya mahali. Vitabu ni muhimu. Mwanafunzi wa utawala wa umma lazima ajue Woodrow Wilson aliandika nini mwaka 1887 kuhusu kuitenganisha kazi ya utawala na siasa, na lazima amwelewe Max Weber juu ya urasimu. Lakini swali la mchango wa maji wakati wa masika haliko kwenye vitabu hivyo. Liko kwenye buku jekundu, na atakayelipata ni yule atakayeanza kwa kuuliza watu wanasumbuliwa na nini.

Wala kufanya hivyo si kushusha hadhi ya usomi. Elinor Ostrom wa Marekani, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009, alikuwa msomi wa sayansi ya siasa. Alipata heshima hiyo kwa kuchunguza namna wakulima, wavuvi na wafugaji wanavyojiwekea kanuni za kutumia maji, samaki na malisho kwa pamoja bila kuviangamiza. Alizichukulia kanuni za watumiaji hao kama elimu, akazilinganisha nchi kwa nchi, akazitungia nadharia. Mama wa kaunta buku jekundu angemfaa sana Ostrom. Anawafaa pia wanafunzi wetu, na halmashauri yake inamhitaji zaidi kuliko wote.

Nichukue mfano mwingine ulio mezani kwako kila mwaka, mikopo ya asilimia 10. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ili kila halmashauri ilazimike kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionesha mara kwa mara madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, hadi mikopo ikasimamishwa mwaka 2023. Mwaka 2024 ikarudi kwa utaratibu uliofanyiwa marekebisho.

Mkaguzi alifanya kazi yake. Anaweza kutuambia kiasi gani hakijarudi na hati gani hazikuonekana. Kazi ya kukaa na kikundi cha akina mama wa kufuga kuku na kuuliza kilichotokea tangu siku fedha zilipoingia benki ni ya mtafiti. Je, mkopo ulitoka wakati wa msimu wa biashara yao, au ulichelewa hadi vifaranga vikapanda bei? Je, kikundi kiliundwa na watu wanaoaminiana, au kilikusanywa harakaharaka kwa sababu tangazo lilitaka idadi fulani ya watu? Je, ofisa maendeleo ya jamii alikuwa na usafiri wa kuwatembelea? Katika kata yangu nimeona kikundi kilichotokana na VICOBA ya miaka mingi kikirejesha hadi shilingi ya mwisho, na jirani yake kilichoundwa kwa ajili ya mkopo kikisambaratika kabla ya marejesho ya kwanza. Watafiti wengi wamelichunguza suala hili. Kama matokeo yao yangekuwa yanarudi kwenye Baraza la Madiwani kila mwaka, nchi ingekuwa na hazina ya maelezo ya chanzo cha tatizo kando ya taarifa za mkaguzi, na marekebisho yangeanzia kwenye kata badala ya kusubiri mikopo isimamishwe nchi nzima.

Upande wa pili ni watumishi wenyewe wanaokwenda masomoni kwa ruhusa ya mwajiri. Halmashauri hubaki na pengo wakati wote mtumishi akiwa chuoni, wenzake wakabeba kazi zake. Anaporudi hukabidhi nakala ya cheti masijala ili kiingie kwenye jalada lake binafsi. Nimeona wengi wakirudishwa kwenye meza ileile na kazi ileile, pasipo mtu kuwauliza wamerudi na nini. Wengine huhamishwa kabla hata hawajazoea, na elimu waliyoipata kwa kuichunguza wilaya moja huondoka nao kwenda wilaya nyingine. Hilo humvunja moyo mtumishi, na linawapotezea wananchi faida waliyoigharimia kwa kukosa huduma yake wakati akiwa masomoni.

Napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila halmashauri iandae orodha ya maswali ya utafiti kabla ya mwaka wa masomo kuanza. Maswali yatoke kwenye mipango ya vijiji inayoibuliwa kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kwenye hoja za ukaguzi zinazojirudia, na kwenye kero zinazofika kwenye Kamati za Maendeleo za Kata. Idara ya mipango iyakusanye, Baraza la Madiwani liyapitishe, na orodha itumwe Mzumbe, Dar es Salaam, Dodoma na kwenye vyuo vingine vyenye shahada hizi. Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, kinachowajua watendaji wetu kuliko vyote, kinaweza kuwafundisha namna ya kulitunga swali linalochunguzika.

Pili, barua ya kumruhusu mwanafunzi kuingia kwenye halmashauri iwe na sharti la kurudisha matokeo. Aandike muhtasari wa kurasa zisizozidi nne, kwa Kiswahili, wenye mambo matatu: aliuliza nini, aliona nini, na anashauri nani afanye nini. Auwasilishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na, pale utafiti ulipohusu kijiji, kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ndio mamlaka ya juu ya kijiji na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo hakuna haja ya kuitisha kikao kipya. Nakala ya muhtasari wa kikao, yenye muhuri wa kijiji, iambatishwe kwenye tasnifu kabla haijajalidiwa. Mwanafunzi asiyeweza kusafiri tena apange na mtendaji wa kijiji amsomee, naye ajibu maswali kwa simu yenye kipaza sauti. Simu hizo ziko hadi vitongojini.

Tatu, mtumishi anayepewa ruhusa ya masomo akubaliane na mwajiri wake kuhusu swali la tasnifu kabla hajaondoka, likiwa miongoni mwa yale ya orodha au lake mwenyewe lenye kuihusu halmashauri hiyo. Akirudi apewe jukumu la maandishi la kutekeleza angalau pendekezo moja la utafiti wake, na jukumu hilo liingizwe kwenye malengo yake ya kazi yanayopimwa. Asihamishwe kabla ya kulikamilisha, isipokuwa kwa sababu nzito.

Nne, kila halmashauri iwe na mahali pamoja pa kutunzia mihtasari hiyo, kwenye kompyuta na kwenye karatasi, chini ya ofisa mipango. Mkurugenzi mpya anapofika aikute. Diwani mpya aikute. Mwanafunzi anayefuata aikute pia, ili asiwaulize watu maswali yaleyale waliyokwisha kuyajibu.

Yapo mashaka ya haki, nami sitayakwepa. Wahadhiri watauliza kama halmashauri haitatumia orodha hii kuzuia tafiti zinazoikosoa. Ndiyo maana orodha iwe ya kupendekeza, na mwanafunzi abaki na uhuru wa kuja na swali lake. Muhtasari wake usihitaji kibali cha mkurugenzi kabla ya kusomwa kijijini. Matokeo yanayouma yafike yakiwa mazima, na viongozi wajibu mbele ya mkutano, kama ilivyokuwa siku stoo ilipofunguliwa.

Wengine watauliza kuhusu usiri wa waliohojiwa. Hoja hii ni nzito zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kijijini mtunza hazina wa kamati ya maji ni mtu mmoja, na hata ukificha jina lake kila mtu anajua ni nani. Kwa hiyo mwanafunzi lazima aongee kwanza na mtu wa namna hiyo, amwoneshe kilichoandikwa kumhusu na apate ridhaa yake. Vyuo vifundishe jambo hili katika somo la mbinu za utafiti, kwa mifano ya vijiji vyetu.

Yupo pia atakayesema wanakijiji hawatazielewa tafiti za kiwango cha uzamili. Mimi nimeongoza mikutano yao. Nimewasikia wakichambua bei ya pamba, mipaka ya ardhi, taratibu za TASAF na makato ya ushirika kwa undani ambao ungemtoa jasho mtaalamu yeyote. Kinachowashinda ni lugha tunayoitumia kuwaficha. Mwanafunzi anayeweza kulieleza pato la kamati ya maji mbele ya watu waliolikusanya, akahojiwa nao na akajibu, amefanya mtihani mgumu kuliko ule wa jopo. Nina hakika atakuwa mtumishi bora zaidi kwa sababu hiyo.

Naomba utekelezaji uanze kwa majaribio katika Mkoa wa Morogoro. Chuo Kikuu Mzumbe kiko ndani ya Wilaya ya Mvomero, na mkoa una halmashauri za aina mbalimbali: ya manispaa, ya mji na za wilaya. Una wakulima na wafugaji wanaohitaji sana utafiti wa haki kuhusu matumizi ya ardhi, una mashamba makubwa ya miwa, na una mabonde yanayofurika. Maswali hayatakosekana. Mwaka mmoja wa fedha, kuanzia Julai 1, utatosha kuonesha ni mihtasari mingapi imerudi, ni vikao vingapi vimeijadili, na ni maamuzi gani yamebadilika kwa sababu yake. Baada ya hapo ofisi yako itakuwa na ushahidi wa kuamua kuhusu mikoa mingine.

Nchi imejiwekea Dira ya Maendeleo ya 2050. Haitatekelezwa na watu wa Mtumba peke yao. Itatekelezwa na watendaji wa kata wanaoujua ukweli wa kata zao, na wananchi wanaoambiwa ukweli huo. Vyuo vyetu vinauzalisha kila mwaka, na wananchi wanautolea jasho na muda wao bure. Kilichobaki ni njia ya kuurudisha, na njia hiyo inahitaji sahihi yako.

Naomba majibu yako kwa maandishi. Nitayasoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji ninachoishi, yawe ya kukubali au ya kukataa, na wananchi watayajadili.



Mtendaji wa Kata Mstaafu,
Mkoa wa Morogoro

Nakala: Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vyenye shahada za utawala wa umma, Wenyeviti wa Halmashauri za Mkoa wa Morogoro, wenyeviti wa vijiji vyote watakaousoma waraka huu.